MTAA WA BUSTANI WA HAMPSTEAD
Ulikusudiwa mafundi na matajiri pamoja. Mbona wamebaki matajiri?

Msafiri apandaye gari la reli ya chini ya ardhi katikati ya mji wa London, akaelekea upande wa kaskazini, huteremka katika stesheni ya Golders Green. Akitembea kwa miguu muda si mrefu, ataacha nyuma yake ngurumo za mabasi na msongamano wa maduka, na kuingia katika mtaa ambao mara ya kwanza atadhani ni kijiji cha wakulima. Hataona kuta za mawe kando ya barabara, kwa maana viwanja vimezungushiwa nyua za miti zilizokatwa sawasawa. Njia hupinda kwa kufuata umbo la ardhi, na miti mikubwa imeachwa isimame mahali ilipokuwa kabla nyumba hazijajengwa. Katika uwanja wa katikati yapo makanisa mawili na shule, lakini hapana duka wala kilabu cha pombe.

Mtaa huo huitwa Hampstead Garden Suburb, yaani Mtaa wa Bustani wa Hampstead. Una nyumba zipatazo 5,000, na ni miongoni mwa mitaa ya London ambayo mtu wa mshahara wa kawaida hawezi kununua nyumba. Waziri Mkuu wa zamani wa Uingereza, Bwana Harold Wilson, alikaa huko na jamaa yake kabla ya kushika madaraka mwaka 1964.

Lakini mtaa huu haukujengwa ili uwe wa wenye mali peke yao. Ulijengwa ili fundi wa mbao, karani, mjane, mzee aliyestaafu na tajiri wapate kuwa majirani. Jinsi ulivyojengwa, na jinsi kusudi lile lilivyotoweka, ni habari ipasayo kusomwa na kila mtu mwenye ploti, na kila mtu alipaye kodi ya nyumba mjini.

BIBI BARNETT NA RELI

Aliyeuanzisha mtaa huu alikuwa Bibi Henrietta Barnett, aliyezaliwa mwaka 1851. Mumewe, Kasisi Samuel Barnett, alipewa mwaka 1873 kanisa la Mtakatifu Yuda katika Whitechapel, upande wa mashariki wa London. Siku zile mahali pale palijulikana kwa umaskini wake. Jamaa nzima iliweza kulala katika chumba kimoja, na watoto wengi walikua pasipo kuona majani mabichi. Kasisi na mkewe walikaa huko miaka mingi, wakafundisha na kusaidia, na mwaka 1884 wakaanzisha nyumba iitwayo Toynbee Hall, ambamo vijana waliosoma katika vyuo vikuu walikuja kuishi kati ya maskini na kufanya kazi pamoja nao.

Bwana na Bibi Barnett walikuwa pia na nyumba karibu na uwanda wa Hampstead Heath, ambao ni nchi ya majani na miti iliyoachwa wazi kwa watu wote. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakapata habari kwamba kampuni ya reli, ambayo mkuu wake alikuwa Mmarekani Charles Tyson Yerkes, itachimba njia chini ya kilima na kutokea Golders Green, mahali ambapo wakati ule palikuwa ni mashamba matupu. Bibi Barnett alifahamu mara moja maana ya habari hiyo, kwamba penye stesheni mpya nyumba hazikawii kuota. Wasomaji wa Kenya hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, maana mji wa Nairobi wenyewe ulizaliwa na reli iliyofika pale mwaka 1899.

Kwanza alitaka tu kuokoa ekari 80 ziongezwe katika uwanda ule wa wazi. Baadaye akawaza mbali zaidi. Alijiuliza, ikiwa shamba linalobaki halina budi kujengwa, kwa nini lisijengwe vizuri? Na kwa nini watu wa Whitechapel wasipate sehemu yao?

Ardhi ile ilikuwa mali ya shule ya Eton. Bibi Barnett alipokwenda kuomba kuinunua, alijibiwa kwamba ardhi kubwa namna ile haiwezi kuuzwa kwa mwanamke peke yake; afadhali apate wanaume wa kumdhamini. Hakukata tamaa. Alikusanya mabwana wakubwa wenye vyeo, wanasheria, viongozi wa dini na askofu mmoja, naye mwenyewe akawa mmoja wao. Mwaka 1906 likaundwa Shirika la Wadhamini, na mwaka uliofuata zikanunuliwa ekari 243 za kujenga, mbali na zile 80 zilizowekwa wazi kwa watu wote. Wenye hisa katika shirika hilo walikubali kwamba faida yao haitapita pauni 5 kwa kila pauni 100 kwa mwaka.

NYUMBA NANE KWA EKARI

Aliyechora ramani alikuwa Bwana Raymond Unwin. Yeye na mwenzake, Bwana Barry Parker, walikuwa wamekwisha kuchora mji wa bustani wa Letchworth, ulioanzishwa mwaka 1903. Mji wa bustani na mtaa wa bustani si kitu kimoja. Mji wa bustani ulikusudiwa kuwa na viwanda na kazi zake wenyewe, na mtaa wa bustani ni mahali pa kulala na kulea watoto, ambapo watu hutoka kila asubuhi kwenda kazini mjini na kurudi jioni.

Wakati ule amri za miji ya Uingereza zilitaka kila barabara iwe pana na imara, hata kama inapita mbele ya nyumba sita tu. Kwa hiyo wajenzi walitengeneza barabara ndefu zilizonyoka, na ili kurudisha gharama zao walizipanga nyumba kwa kuzibananisha. Wadhamini walikwenda Bungeni kuomba ruhusa ya kujenga kwa namna nyingine, nalo Bunge likapitisha sheria ya mtaa huu mwaka 1906. Sheria hiyo iliruhusu vijia vifupi vyembamba visivyopitiwa na magari mengi, lakini ilitoa masharti mawili makubwa. Kwanza, kwa kadiri ya mtaa mzima, nyumba zisizidi 8 katika ekari moja. Pili, nyumba zinazoelekeana barabarani ziachane si chini ya futi 50.

Msomaji aliyenunua ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni karibu thumuni ya ekari, atakifahamu kipimo hicho upesi. Tofauti ni kwamba katika Hampstead kipimo hicho kilihesabiwa kwa mtaa mzima. Nyumba zingeweza kukusanywa mbilimbili au nne nne, ili ardhi iliyosalia iwe bustani, viwanja vya michezo na vishamba vya mboga. Nyuma ya nyumba nyingi za mafundi viliachwa vishamba vya namna hiyo, na hata leo wenyeji hulima viazi na maharagwe ndani ya mtaa huo wa gharama kubwa. Misitu miwili ya asili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, iliachwa isikatwe.

Bwana Unwin hakuona kwamba bustani ni anasa. Katika kijitabu alichokichapisha mwaka 1912 alionyesha kwa hesabu kwamba mjenzi ambananaye watu hapati faida kubwa kama adhaniavyo. Nyumba zikiwa nyingi katika ekari, barabara nazo huwa nyingi, na barabara ni ghali kuliko majani. Akipunguza nyumba atapunguza barabara, na mpangaji atakayeongeza fedha kidogo tu katika kodi yake atapata kiwanja kikubwa zaidi mara nyingi. Hesabu hiyo ingali na maana mahali popote watu wanapokata shamba kuwa ploti.

KILA MTU NA MAHALI PAKE

Tarehe 2 Mei 1907 udongo wa kwanza ulichimbuliwa, na kabla mwaka haujaisha nyumba mbili za kwanza zilikuwa zimekamilika. Mwezi wa Juni mwaka huohuo reli ilifika Golders Green. Kwa hiyo mfanya kazi aliweza kukaa penye hewa safi na bado kuwahi kazini katikati ya London.

Upande wa kaskazini zilijengwa nyumba ndogo za mafundi na watu wa mshahara wa kila wiki. Upande wa kusini, karibu na uwanda wa wazi, zilijengwa nyumba kubwa za matajiri. Yalijengwa pia makao ya wazee, na mwaka 1909 likafunguliwa jengo liitwalo Waterlow Court, lililochorwa na Bwana Baillie Scott kwa ajili ya wanawake wanaofanya kazi na kujitegemea. Katika uwanja wa katikati Bwana Edwin Lutyens, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wachoraji wa mji wa New Delhi huko India, alichora makanisa pamoja na chuo cha kusomea jioni. Shule ya wasichana yenye jina la Bibi Barnett ilianza mwaka 1911. Leo ni shule ya serikali, na wasichana huingia kwa kushinda mtihani mgumu.

Je, fundi aliwezaje kulipa? Njia zilikuwa mbili. Kwanza, matajiri walitozwa zaidi kwa viwanja vyao, na fedha hizo zilisaidia kupunguza kodi ya ardhi iliyo chini ya nyumba ndogo. Pili, nyumba nyingi zilijengwa na vyama vya ushirika vya wapangaji. Mpangaji alinunua hisa chache katika chama, akalipa kodi yake, na ziada iliyopatikana mwisho wa mwaka ikaongezwa katika hisa zake kwa kadiri ya kodi aliyolipa. Hakuwa na nyumba yake peke yake, lakini alikuwa na sehemu katika nyumba zote. Mkulima aliyezoea chama cha ushirika cha kahawa ataona kwamba mpango huu hauko mbali na ule anaoujua.

UA ULIANDIKWA, FUNDI HAKUANDIKWA

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Habari za Mtaa wa Bustani ni ushahidi wa maneno hayo.

Mambo mengi ya mtaa huu yaliandikwa katika sheria na katika mikataba. Idadi ya nyumba katika ekari iliandikwa, na umbali kati ya nyumba uliandikwa. Mwenye kukodi kiwanja alifungwa na masharti juu ya ua wake, na juu ya kile alichoweza kujenga au kubadili. Ardhi yenyewe haikuuzwa, bali ilikodishwa kwa muda mrefu, na viwanja vya vyama vya wapangaji vilikodishwa kwa miaka 999.

Kusudi la kuwaweka mafundi halikufungwa kwa kamba imara namna hiyo. Lilikaa zaidi katika nia njema ya waanzilishi. Hapakuwa na sharti lenye nguvu lililosema kwamba nyumba ya fundi, fundi akiondoka, sharti apewe fundi mwingine kwa kodi anayoiweza.

Matokeo yalianza kuonekana mapema. Mtaa ulipendeza, na kila kilichopendeza kilitafutwa na wengi. Makarani wakuu na walimu walikuja kukaa katika nyumba zilizokusudiwa watu wa mikono. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza gharama za kujenga zilipanda, na ardhi iliyoongezwa upande wa mashariki ikajengwa kwa sehemu kubwa nyumba za watu wenye nafasi. Vyama vya wapangaji navyo vilibadilika. Hisa ziliangukia polepole mikononi mwa watu wasiokaa katika nyumba zile, ambao walitaka faida kuliko ujirani, na hatimaye nyumba zikauzwa moja moja kwa bei ya soko. Kasisi Barnett alifariki mwaka 1913. Mkewe aliishi mpaka mwaka 1936, muda wa kutosha kuona kwamba miti yake inakua vizuri na mafundi wake wanapungua.

Hatuna haki ya kusema kwamba Bibi Barnett alishindwa kabisa. Miti, misitu na vishamba vingalipo, na makao ya wazee yapo hata leo. Wajenzi wa nchi nyingi waliutazama mtaa wake na kujifunza. Lakini nyumba ndogo ya kaskazini, iliyojengwa kwa ajili ya mtu wa mshahara wa wiki, sasa bei yake ni mamia ya maelfu ya pauni, na nyumba kubwa za kusini huuzwa kwa mamilioni.

SHERIA ILIYOLINDA UA TENA

Mwaka 1967 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowapa haki watu waliokodi nyumba kwa muda mrefu kununua ardhi yenyewe, hata kama mwenye ardhi hataki. Kwa mwenyeji mmoja mmoja hiyo ilikuwa haki njema. Kwa mtaa mzima ilileta hofu, maana mkataba ukiisha, masharti ya ua na miti nayo yangeweza kuisha.

Wenyeji hawakukaa kimya. Mwaka 1968 mtaa ulitangazwa kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na mwaka 1974 Mahakama Kuu ilikubali mpango wa usimamizi unaomfunga hata mtu aliyenunua ardhi yake. Kwa mpango huo, mwenye nyumba hana budi kuomba ruhusa ya Wadhamini kabla ya kubadili madirisha ya nje, kukata mti, au kung'oa ua ili apate mahali pa kuweka motokaa. Kila mwaka hulipa ada ndogo ya kuendesha kazi hiyo. Wako wanaonung'unika kwamba mtu hawezi kuitawala nyumba aliyoinunua kwa fedha zake. Wengine hujibu kwamba fedha hizo walizitoa kwa sababu jirani naye amefungwa vilevile.

Basi, ilipoonekana kwamba ua umo hatarini, sheria, mahakama na wenyeji walisimama pamoja, na ua ukaokoka. Fundi alipokuwa akiondoka hapakuwa na mahakama ya kumrudisha, kwa sababu hapakuwa na karatasi ya kuipeleka mahakamani.

NASI JE?

Mawazo haya ya bustani yalifika Kenya. Mtaa wa Kaloleni katika Nairobi, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipangwa kwa nyumba za chini zenye nafasi ya majani, pamoja na ukumbi wa watu wote, ili mtoto aweze kutembea bila kugongwa na gari. Ramani kuu ya Nairobi ya mwaka 1948 nayo iligawa mji katika mitaa ya ujirani wa namna hiyo. Lakini Nairobi ya wakati wa ukoloni iliyachukua majani na kuuacha ujirani, kwa maana Wazungu waliwekwa magharibi na kaskazini penye viwanja vipana, na Waafrika wakawekwa mashariki. Kusudi la kwanza la Bibi Barnett, la tajiri na fundi kuishi katika mtaa mmoja, halikujaribiwa.

Miaka 999 nayo si kitu kigeni kwetu. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwapa walowezi mikataba ya muda huo, na Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyosema kwamba asiye raia asikodi ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Sisi tunajua vema kwamba neno moja katika mkataba laweza kutawala maisha ya wajukuu.

Leo miji yetu yapanuka kila siku. Mashamba ya kahawa yanakatwa kuwa mitaa yenye malango na majina mazuri, na zinatolewa ahadi nyingi za nyumba za bei nafuu. Karani aitwaye kujiunga na mpango wa nyumba, au mkulima aombwaye kuuza shamba lake ili mtaa ujengwe, yafaa aulize maswali matatu kabla ya kutia sahihi.

La kwanza: ardhi itabaki ya nani baada ya nyumba kujengwa? La pili: mtu wa kwanza akiuza nyumba yake, atauza kwa bei gani na kwa nani? Nyumba ya bei nafuu iuzwayo mara ya pili kwa bei ya soko imemsaidia mtu mmoja tu, na baada yake mlango umefungwa. La tatu: ikiwa ni chama cha ushirika, je, hisa zaweza kununuliwa na mtu asiyekaa hapo?

Majibu ya maswali hayo yasipokelewe kwa mdomo, hata kama msemaji ni mtu mwema, kwa sababu Bibi Barnett na wenzake walikuwa watu wema pia. Yaandikwe katika hati, yasomwe mbele ya mkutano, na kila mwanachama apewe nakala yake.